Moyo wa Tatu Ndani ya Nyumba

Dakika ya thelathini na nane ya mtihani wa Magonjwa ya Damu, Shangazi alimwomba Subilaga aweke mikono yote miwili juu ya meza.

Shangazi hakuwa mtu. Ndivyo wanafunzi walivyouita mfumo wa kusimamia mitihani kutoka mbali, kwa sababu ulikuwa na sauti ya mama wa makamo, mpole, asiyefoka hata siku moja, na kwa sababu kila ulichokijua kilifika kwa wakubwa. Jina lake rasmi lilikuwa refu na hakuna aliyelikumbuka.

"Subilaga Mwambene," ilisema sauti kutoka kwenye kishikwambi kilichosimamishwa mbele yake. "Muda wako umesimamishwa. Hujapoteza dakika hata moja. Tafadhali tulia."

Alitulia. Miaka minne ya kusomea kazi ya maabara ya hospitali ilikuwa imemfundisha kutulia mbele ya Shangazi. Alijua kutolamba midomo, kutotazama dirishani, kutosoma swali kwa kunong'ona. Alijua kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, maana ukosi wa kitambaa aliovaa shingoni ulipima mapigo yake, mate aliyomeza, na hata maneno aliyoyasema kimoyomoyo mpaka koo likatikisika. Rafiki yake Lugano aliwahi kusimamishwa nusu saa nzima kwa sababu wimbo wa kwaya ulimng'ang'ania kichwani. Hakuuimba. Aliuwaza tu.

Mama yake, Tusekile, fundi cherehani, hakushona siku za mtihani. Majirani nao walizoea. Hakuna aliyetwanga wala kupasua kuni mpaka saa sita ipite. Na asubuhi hiyo hata mvua ya Tukuyu iliwahurumia, ikawa manyunyu yasiyosikika juu ya bati.

"Ndani ya nyumba kuna mioyo mitatu," alisema Shangazi. "Kaya yako imeandikishwa watu wawili. Mtu wa tatu yuko upande wa kaskazini, hatua tisa kutoka ulipoketi. Amekaa au amelala. Tafadhali mtaje."

Hatua tisa upande wa kaskazini palikuwa stoo.

Subilaga alitazama kona za chumba, kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza tu ndiye angelifanya. Huko juu yalibandikwa masikio, visahani vinne vyeusi vyenye ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai. Zamani chuo kilitumia kamera, lakini watu walificha wasaidizi chini ya vitanda na nyuma ya mapazia, kamera zikawa mchezo. Ndipo yakaja masikio. Yalisikia moyo wa mtu ukidunda ndani ya hatua ishirini, ukuta uwepo usiwepo, na kuutofautisha na moyo mwingine kama mama anavyotofautisha vilio vya wanawe.

"Labda ni mbuzi wa jirani," alisema.

"Mbuzi nimeshamtoa kwenye hesabu."

Alishusha macho mezani. Ukosi ulimbana kidogo, au alihisi hivyo.

"Mtihani wako umeahirishwa," Shangazi aliendelea. "Una siku tatu, mpaka Ijumaa saa sita mchana, kumtaja mtu wa tatu. Ukimtaja na ikathibitika hakukusaidia, utaendelea pale ulipoishia. Vifaa visiguswe na kishikwambi kisizimwe. Mtu huyo asiondoke. Akiondoka kabla ya kutajwa, atahesabiwa msaidizi aliyetoroka. Pole kwa usumbufu."

Maswali yalififia kwenye kioo. Mahali pake pakabaki mandhari nyeupe na neno moja lenye tarakimu: WALIOMO: 3.

*

Mama mdogo Bupe alikuwa ameketi juu ya gunia la mahindi, mgongo ukutani, viganja vyake vikiwa kifuani kama mtu aliyejaribu kuuziba moyo kwa mikono.

"Amenisikia," alisema.

"Amekusikia, mama mdogo."

Bupe alikuwa mdogo wake Tusekile, mwanamke wa miaka thelathini na minne aliyefika pale Alhamisi iliyopita na mfuko mmoja wa plastiki. Mkono wake wa kushoto haukunyooka. Ulivunjika mwaka uliotangulia, ukaunga vibaya, kwa sababu mumewe alisema hospitali ya nini, ameteleza tu bafuni. Safari hii alikuwa amemwahidi kuuvunja na wa kulia ili ilingane.

Walikuwa wamepanga vizuri. Siku ya mtihani Bupe angekwenda kwa Mama Gwamaka, nyumba ya tatu, akae huko hadi saa sita. Lakini saa mbili asubuhi Tusekile alitoka kuchota maji akaona pikapu ya rangi ya kijivu imeegeshwa njia panda, karibu na duka la pembejeo. Aliijua, ilikuwa ya mumewe Bupe. Alirudi na ndoo tupu, akamfungia mdogo wake stoo, akapanga magunia mbele ya mlango. Alidhani mahindi yangemeza sauti.

"Basi mtaje tu," alisema Bupe. "Useme ni mama yako mdogo, amekuja kusalimia. Si kweli?"

"Jina linakwenda Sajilini."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa, hata Tusekile aliyekuwa amesimama mlangoni. Sajili ya Kaya iliandika kila mtu amelala wapi. Jina likihamia nyumba nyingine, simu ya ndugu wa karibu ililia papo hapo: fulani yuko kaya namba fulani, mtaa fulani. Ilianzishwa kwa nia njema, baada ya mafuriko, ili watu wasipotee bila ndugu zao kujua. Na kwa mwanamke aliyeolewa, ndugu wa karibu kuliko wote kisheria alikuwa mume.

Tusekile alikaa kwenye kizingiti, akaanza kukunja na kukunjua ncha ya kanga yake. "Kwa hiyo akitajwa saa hii," alisema, "Ambakisye anafika kabla ya chai kuchemka."

"Yuko njia panda," alisema Bupe. "Hatahitaji hata kuwasha gari."

*

Alikuja kesho yake saa tisa alasiri, akabisha hodi kama mtu yeyote.

Ambakisye alikuwa na kiwanda cha mbao huko Mbalizi. Mtu mwembamba, nadhifu, mwenye desturi ya kufuta viatu mara mbili kabla ya kuingia ndani ya nyumba ya mtu. Alileta mikate miwili na kilo ya sukari, akamkabidhi Tusekile kwa mikono yote miwili.

"Shemeji, habari za siku?"

"Salama, shemeji. Karibu."

"Shikamoo, baba mdogo," alisema Subilaga.

"Marahaba, mwanangu. Masomo?"

"Yanaendelea."

Aliketi kwenye kiti kilichotazamana na meza. Subilaga alijua hapo hapo kwamba walikuwa wamekosea; wangemkalisha upande wa pili. Aliongea kwa dakika kumi habari za mvua na bei ya mbao, hakuuliza kitu. Kisha macho yake yakatua kwenye kishikwambi, yakabaki hapo.

Subilaga aliinuka kama anayetaka kupisha njia, akakilaza kishikwambi kifudifudi.

"Tafadhali usifunike kioo," alisema Shangazi. "Uchunguzi unaendelea."

Akakisimamisha tena. Ambakisye alitabasamu. "Hata mimi nilikuwa naogopa wasimamizi. Hiyo namba ni ya nini?"

"Ni watu waliomo ndani, baba mdogo. Wanahesabu mioyo."

"Ahaa." Alijinyooshea kidole kifuani. "Mimi." Akamwelekeza Tusekile. "Shemeji." Akamwelekeza yeye. "Na wewe." Kidole kilibaki hewani. "Inasema wanne."

Tusekile alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Uzi ulipita pembeni ya tundu, ukapita tena pembeni.

"Wa nne yuko tumboni mwangu," alisema Subilaga.

Alishangaa kusikia jinsi sauti yake ilivyokuwa ya kawaida. Mama yake hakuinua kichwa. Alikata uzi kwa meno, akasema polepole, "Tulikuwa bado hatujataka kumwambia mtu, shemeji. Unajua mambo haya."

"Maelezo yamepokelewa," alisema Shangazi. "Yatapelekwa kwa mkaguzi."

Ambakisye alimtazama Subilaga usoni, kisha tumboni, kisha akarudi kwenye namba. Huko stoo Bupe alikuwa anasikia kila neno. Subilaga aliwaza kwamba kama moyo wa mama mdogo ungekuwa na sauti ya kusikika kwa sikio la mtu, nyumba nzima ingekuwa inatikisika.

"Hongera," alisema Ambakisye. "Miezi mingapi?"

"Minne."

"Mungu akutunze." Alinyanyuka, akakisogelea kisahani cha kona ya mlango, akakikagua kwa karibu bila kukigusa, kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwenzake. "Kitu kizuri hiki. Unapita tu barabarani, unajua kila nyumba ina wangapi. Vinauzwa wapi?"

"Haviuzwi, baba mdogo. Ni vya chuo."

"Vitauzwa," alisema.

Aliaga vizuri, akaomba asipewe chai. Walimsikia akipita uani, geti la bati likafungwa. Tusekile alitaka kuinuka lakini Subilaga alimzuia kwa mkono. Namba ilikuwa bado ni nne.

Walikaa wakiitazama. Ilikuwa nne alipokuwa mama yake anakunja kitambaa, ilikuwa nne alipokikunjua. Mtu yule alikuwa amesimama nje ya ukuta, ndani ya hatua ishirini, hatembei, hasemi. Ilipita robo saa nzima. Kisha namba ikawa tatu, na baadaye kidogo wakasikia gari likiondoka.

*

Dokta Mwaipaja, mkuu wa mitihani wa chuo, alipiga simu mwenyewe Alhamisi asubuhi. Alikuwa mwalimu wao wa mwaka wa pili, mama mwenye kikohozi kisichoisha, aliyewafundisha kupaka damu kwenye kioo mpaka ikae nyembamba kama pumzi.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Subilaga, nina maelezo yako hapa. Unasema una mimba ya miezi minne."

"Ndiyo, Dokta."

"Mtoto wa miezi minne moyo wake unapiga mara mia na hamsini hivi kwa dakika. Huu ninaouona hapa ni themanini na mbili. Tena uko hatua tisa kutoka kwako. Nilikufundisha mimi."

Subilaga alitazama mlango wa stoo.

"Sitaki kukuweka kwenye ubao wa wadanganyifu," alisema Dokta. "Maksi zako nazijua. Hukuhitaji msaidizi. Niandikie jina la mtu huyo, nitaweka muhuri leo leo, Jumatatu unamalizia. Jina tu, mwanangu. Jina halina uzito."

"Linakwenda wapi, Dokta?"

"Sajilini, kama kawaida."

"Na likitoka Sajilini?"

"Kwa ndugu wa karibu. Hiyo ni sheria ya nchi, si yetu."

"Ndugu wa karibu ni mume," alisema Subilaga. "Jana alisimama nje ya ukuta wetu robo saa. Tulikuwa tunamwona kwenye namba."

Upande wa pili kalamu iliwekwa mezani. Kisha akasikia kiti kikisogezwa, mlango ukifungwa, na Dokta akarudi na sauti ya chini zaidi.

"Siwezi kufuta moyo uliokwisha kusikika. Ningeweza ningefanya. Nilijaribu mwaka jana kwa ajili ya mtu mwingine, nikaitwa kujieleza." Alikohoa. "Nitakuambia utaratibu, basi. Sikushauri, nakuambia utaratibu. Mfumo hautafuti mtu. Unatafuta kosa. Kosa likipata mwenyewe, faili linafungwa, na yule asiyejulikana anabaki hivyo hivyo, hajulikani. Umenielewa?"

"Nikikiri kwamba nilidanganya."

"Sikusema hivyo. Lakini ndivyo fomu ilivyo."

"Na adhabu?"

"Kufutiwa miaka yote minne. Miaka kumi bila kufanya mtihani wowote nchi hii. Jina ubaoni." Alikohoa tena. "Hutashika hadubini tena, Subilaga. Nakuambia ili usije ukasema hukujua."

*

Mchana huo aliingia stoo kumpelekea Bupe chakula, akamweleza yote. Hakutaka kumweleza. Lakini kwenye nyumba ile ndogo hapakuwa na mahali pa kuficha jambo jingine tena.

Bupe aliusukuma ugali pembeni. "Mimi nitajitaja mwenyewe. Nitatoka niende hapo mezani, niliambie lile lidude jina langu. Umesoma miaka minne."

"Atakuua."

"Pengine hataniua. Mara zote hizi hajaniua."

"Mama mdogo."

"Nakuambia ukweli. Nitarudi, nitaomba msamaha, atanyamaza miezi miwili mitatu. Nimeshaishi hivyo. Wewe hujawahi kuishi bila masomo, hujui kama unaweza." Alisema bila hasira, kama anayepanga ratiba ya kupalilia. "Niache nijitaje."

"Hapana," alisema Subilaga.

Alisema hapana, na ilikuwa kweli, lakini miaka mingi baadaye angelikumbuka lile lililokuwa chini yake. Alikuwa anangoja. Alikuwa anangoja Bupe aseme mara ya tatu, kwa nguvu zaidi, ainuke kweli aende mlangoni, ili yeye abaki ameketi pale juu ya gunia asimzuie. Aliuhisi mwili wake ukijiandaa kutomzuia. Bupe alimtazama kwa muda mrefu, na pengine aliliona. Kisha akavuta ungo wa maharage uliokuwa karibu, akauweka mapajani, akaanza kuchambua kwa mkono wake mzima. Hakusema tena.

Ijumaa saa nne Subilaga alikaa mezani, akavaa ukosi kama ilivyotakiwa, akaomba fomu.

Haikutosha kukiri. Fomu ilitaka namna. Msaidizi alitumia njia gani, maswali mangapi, ishara zipi. Ilibidi abuni udanganyifu ambao hakuufanya, na aubuni vizuri, maana ungepimwa na mfumo uliojua kila mkwaruzo na kila kikohozi cha asubuhi ile. Alifikiri. Alikumbuka kwamba mama mdogo alipiga chafya mara mbili kwa vumbi la mahindi, na kwamba bati lilitoa mlio jua lilipotokeza. Akaandika kwamba chafya moja ilikuwa jibu A, mbili B, na mlio wa bati ulikuwa ishara ya kurudia. Akataja maswali saba aliyoyajibu haraka mno, ambayo kwa kweli aliyajibu haraka kwa sababu aliyajua. Aliandika kwa saa nzima. Aliweka mpangilio, akarekebisha hoja, akasoma tena kutoka mwanzo. Kama ungekuwa mtihani, angepata maksi nzuri.

"Je, unakiri kwa hiari yako?" aliuliza Shangazi.

"Kwa hiari yangu."

"Ukosi unaonyesha mfadhaiko."

"Ni aibu," alisema Subilaga. "Sijawahi kudanganya kabla ya leo."

Shangazi alikaa kimya. Ukimya ulikuwa mrefu kuliko wowote aliowahi kuusikia kwake, na katikati yake Subilaga alipumua kwa hesabu, nne ndani, sita nje, huku akitazama mikono yake juu ya meza.

"Ungamo limepokelewa. Shauri limefungwa. Asante kwa ushirikiano."

Kioo kikazima. Siku tatu alizozoea kuitazama ile namba zilimfanya aendelee kuitafuta pale penye giza. Kisha akachukua kisu cha jikoni, akapanda juu ya stuli, akaanza kubandua masikio. Kila moja lilitoka na kipande cha rangi ya ukuta.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Alikwenda kwenye cherehani yake, akaondoa kitambaa kilichoifunika, akashona mpaka jioni bila kupumzika.

*

Bupe aliondoka Jumapili. Kwaya ya kanisa ilikuwa inakwenda Ileje kwenye mkutano wa injili, wanawake ishirini na wanane wenye majoho ya zambarau, na Tusekile ndiye aliyeyashona majoho hayo. Akashona la ishirini na tisa. Walipanda basi la kukodi mbele ya kanisa saa moja asubuhi, wakiimba, na pikapu ya kijivu ilikuwa imeegeshwa upande wa pili wa barabara. Ambakisye alikuwa amesimama kando yake, amevua kofia kwa heshima.

Barua ya chuo ilikuja wiki mbili baadaye. Subilaga aliisoma akiwa amesimama. Aya ya kwanza na ya pili alizijua. Aya ya tatu ilisema kwamba mapigo ya moyo wa msaidizi wake asiyejulikana yamehifadhiwa pamoja na mapigo mengine ya aina hiyo, na kwamba yatatambuliwa popote yatakaposikika tena karibu na mtihani wowote, ili vyombo husika vifike mara moja kumtambua.

Alimwonyesha mama yake mstari huo kwa kidole.

"Huko Ileje hakuna chuo," alisema Tusekile.

"Hakuna."

"Basi."

Mwezi wa kwanza ilitangazwa kwamba mafanikio ya masikio vyuoni yamewaridhisha wakubwa, na kwamba sasa yatabandikwa majumbani kwa wanafunzi wa shule zote za sekondari, mijini na vijijini, kuanzia mitihani ya kujipima ya mwezi wa tatu. Lugano, ambaye ndiye peke yake darasani aliyeendelea kumsalimia, alimwambia kwamba alipata kazi ya muda ya kwenda kuyabandika. Alimwambia kwa aibu, akiangalia pembeni. Subilaga alimwuliza kama yanasikia mbali zaidi ya yale ya kwanza.

"Hatua thelathini," alisema Lugano. "Wameyaboresha."

*

Subilaga alikwenda Ileje siku ya pili ya mitihani hiyo. Alishuka kwenye basi barabara kuu, akapanda mlima kwa miguu karibu saa mbili, akiwa na mfuko wa nguo na dawa za maumivu ya mkono. Alikuwa amepungua. Sasa alikuwa anamsaidia mama yake kukata vitambaa, na vidole vyake vilikuwa na alama za mkasi.

Mwenyeji wa Bupe alikuwa mjane aitwaye Mama Ipyana, mwenye mtoto wa kidato cha nne. Subilaga alipofika uani mama huyo alimwekea kidole mdomoni, akamwonyesha dirisha lililofungwa, kisha akaelekeza mkono chini, kwenye mashamba ya maharage yaliyotelemka kuelekea mtoni.

Mvua ilikuwa inanyesha, mvua nyepesi, ya baridi. Bupe alikuwa amesimama katikati ya shamba, amejifunika mfuko wa mbolea kichwani, mikono ameikumbatia kifuani. Hakuwa analima. Hakuwa na jembe. Subilaga alimfikia, wakashikana mikono, na mama mdogo akamvuta hatua mbili zaidi kutoka upande wa nyumba.

"Hapa ndipo mwisho," alisema. "Nimehesabu. Nimeongeza kumi juu ya zile thelathini."

"Tangu saa ngapi uko hapa?"

"Saa mbili. Leo wana karatasi mbili. Wakitoka kula narudi kuota moto, halafu nashuka tena." Alimtazama. "Umekonda, Subi."

"Wewe umenenepa."

"Nakula vizuri." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Alikuja mpaka mjini, mwezi uliopita. Mama Ipyana alimsikia sokoni akiuliza. Hakupanda huku juu."

Walisimama. Subilaga alitaka kumwambia mambo mengi, lakini alijikuta anatazama chini ya mteremko. Kiasi cha hatua mia kutoka pale, katika shamba la jirani, mwanamke mwingine alikuwa amesimama katikati ya viazi, kitoto kikiwa mgongoni, naye hana jembe. Upande wa pili wa mfereji mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya jiwe, mwavuli uliochanika umemfunika. Juu zaidi, kwenye ukingo wa msitu wa misonobari, walikuwa wawili, vijana, wamesimama mbalimbali. Alivyozidi kutazama ndivyo walivyozidi kuonekana, hapa mmoja, pale mmoja, kwenye kila shamba la kila nyumba yenye mtoto wa shule, wamesimama kwenye mvua bila kazi yoyote mikononi.

"Ni akina nani?" aliuliza.

"Sijui," alisema Bupe. "Sijamuuliza yeyote, nao hawajaniuliza."

Yule mwanamke wa kwenye viazi aliwaona wakimtazama. Aliinua mkono kidogo, akaushusha. Bupe naye akainua wake, ule ulionyooka.

Walikaa hivyo mpaka saa sita. Kisha huko juu dirisha moja likafunguliwa, na jingine, na watoto wakaanza kutoka uani wakijinyoosha na kuongea kwa sauti, na mlima mzima wale watu wakageuka, wakaanza kupanda polepole, kila mmoja kuelekea nyumba iliyomficha.